Misimu minane na hana pete: je, Patrick Willis alistahili kuingia Canton?

Msomaji wetu mmoja, mzaliwa wa Uvira anayefanya kazi ghalani huko California, ametuandikia hivi: "Kila mapumziko ya mchana wenzangu wanabishana juu ya Patrick Willis, aliyecheza futiboli ya Kimarekani na San Francisco 49ers. Mzee mmoja anasema tangu azaliwe hajaona lainibeka wa kati kama yule. Mwingine, shabiki wa Baltimore, anamcheka: misimu minane tu, hana pete ya ubingwa, halafu amewekwa kwenye Jumba la Mashuhuri pamoja na Ray Lewis! Mimi nimekulia kwenye soka. Nani kati yao ana haki? Na mchezaji asiyefunga wala kutoa pasi anapimwaje?"

Ndugu yangu, nianze na hukumu ili usikae roho juu. Willis anastahili nafasi yake kule Canton, Ohio, liliko Jumba la Mashuhuri, na hakupewa kwa huruma. Wakati huohuo, Ray Lewis, lainibeka wa Baltimore Ravens, yuko juu yake. Kauli hizo mbili hazigombani hata kidogo. Ubishi wenu unakwama kwa sababu kila upande unadhani kwamba ukikubali moja umeikana nyingine.

Kwa kuwa umetoka kwenye soka, mfikirie lainibeka wa kati kama kiungo mkabaji. Jina lake halitajwi sana siku ya furaha, lakini akikosekana unaona timu nzima inavuja. Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani zaidi kidogo ya mita 9. Mbele kuna ukuta wa majitu wanaosukumana, na nyuma ya ukuta wa upande unaozuia ndipo anaposimama huyu bwana. Mpira ukianza hana hata sekunde nzima ya kuamua. Anaangalia miguu ya wale wanaomkinga kotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi: wakisukuma mbele, kuna mtu atapewa mpira akimbie nao, wakirudi nyuma, kotabeki anataka kurusha. Akisoma vibaya, hatua zake mbili za kukosea zinaacha uwazi ambao hakuna mwenzake wa kuuziba. Akisoma vizuri, bado anatumiwa mtu wa kilo 140 aje kumwondoa njiani. Na wakirusha, yeye huyohuyo aliyejengwa kwa kugongana anatakiwa ageuke akimbizane na mpokeaji mwepesi.

Kwa miaka mingi ilikuwa nadra kumpata mtu mmoja wa kufanya yote hayo. Makocha wengi waliwatoa malainibeka wao wazito kwenye jaribio la tatu, pale pasi inapotarajiwa, wakaingiza wepesi. Willis hakutolewa. Alikuwa na kilo kama 109, na kwenye majaribio ya wachezaji wapya mwaka 2007 alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.51. Mtu mwenye mwili ule hapaswi kuwa na mbio zile. 49ers walimchukua wa 11 katika uteuzi wa wachezaji wapya mwaka huo kutoka chuo kikuu cha Mississippi, akiwa ameshinda tuzo ya Butkus ya lainibeka bora wa vyuo. Lishike jina hilo la Butkus, maana tutalirudia.

Kama una nafasi ya kutazama tukio moja tu, tafuta mechi ya Novemba 2007 dhidi ya Arizona Cardinals. Muda wa nyongeza, Kurt Warner, kotabeki wa Arizona, anamrushia mwenzake Sean Morey, na Morey anatoroka na mpira yadi 62. Mbele yake hakuna mtu. Willis, mgeni wa ligi mwenye miezi michache tu, anatoka mbali, anamfukuza, anamkamata na kumwangusha kabla hajafika mwisho. Arizona wakaja kupiga teke la kufunga wakakosa, na 49ers wakashinda 37-31. Katika karatasi ya takwimu kitendo kile ni "ameangusha mtu mmoja", sawasawa na kumwangukia mtu ambaye tayari amelala.

Hapo ndipo penye kiini cha swali lako la pili, na ndipo mashabiki wengi wanapopotea. Hesabu ya kuangusha watu ni hesabu dhaifu. Haisemi ulimwangusha mtu baada ya yadi moja au baada ya yadi nane, ilhali ya kwanza ni ushindi wa ulinzi na ya pili ni kushindwa. Timu mbovu ambayo ulinzi wake hautoki uwanjani humpa lainibeka wake nafasi nyingi zaidi za kuangusha kuliko timu nzuri. Isitoshe, wanaohesabu ni watu wa kila uwanja, na mkono wa mmoja huwa mwepesi kuliko wa mwingine, hasa wachezaji wawili wanapomwangusha mtu kwa pamoja.

Mfano mzuri ni mtu aliyeingia Canton siku moja na Willis, Agosti 2024: Randy Gradishar wa Denver Broncos. Alicheza misimu kumi, kuanzia 1974 hadi 1983, na mwaka 1978 akawa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi nzima. Broncos wenyewe walimhesabia kuangusha mara 2,049. Namba hiyo ilikuwa kubwa mno hata ikageuka kuwa mzigo kwake. Waliotilia shaka daftari la timu wakaishia kumtilia shaka na mchezaji. Akasubiri miaka 40 tangu astaafu, mpaka akapitia mlango wa wazee, yaani wachezaji waliostaafu zamani. Kwa hiyo mzee wako akikutajia kwamba Willis aliongoza ligi kwa kuangusha watu mwaka 2007 na tena 2009, mwambie ni kweli, halafu mwombe ushahidi wenye uzito zaidi.

Ushahidi huo upo. Kila mwisho wa msimu huchaguliwa kikosi bora cha ligi nzima, All-Pro, na kuwemo katika kikosi chake cha kwanza maana yake ni kwamba mwaka huo, kwa nafasi yako, huna mkubwa. Willis aliitwa kikosi cha kwanza mwaka 2007, 2009, 2010, 2011 na 2012. Ni mara tano katika misimu minane, na ule wa 2008 alikuwa kikosi cha pili. Mchezo wa nyota wa Pro Bowl aliitwa kila mwaka kwa misimu yake saba ya mwanzo. Linganisha na Brian Urlacher wa Chicago, ambaye hakuna anayebishia nafasi yake: misimu 13, kikosi cha kwanza mara nne.

Kingine kinachonigusa ni wakati alipopata heshima hizo. Mwaka 2007 49ers walishinda mechi 5 na kupoteza 11. Mwaka 2009 walishinda 8 na kupoteza 8. Mwaka 2010 walishinda 6 na kupoteza 10. Katika timu za namna hiyo wapiga kura huwa hawaangalii hata marudio. Kwamba walimwona Willis akiwa amezama katika timu iliyokuwa inafungwa hivyo, inatosha kunieleza jinsi alivyokuwa akiwazidi wenzake. Mwishoni mwa 2010 alicheza na plasta ngumu kwenye mkono uliovunjika.

Kisha akaja kocha Jim Harbaugh mwaka 2011, na Vic Fangio akapewa ulinzi. Pembeni ya Willis akasimama NaVorro Bowman, na wawili hao wakawa jozi ambayo sijaona nyingine iliyonifurahisha zaidi. Msimu ule 49ers walicheza mechi 14 za kwanza bila kuruhusu mtu yeyote kukimbia na mpira hadi ndani ya eneo lao la mwisho. Pia walikuwa na mfululizo wa mechi 36, ulioanza misimu ya nyuma, bila mpinzani yeyote kufikisha yadi 100 za kukimbia katika mechi moja. Vyote viwili vilivunjwa mkesha wa Krismasi 2011 na mtu mmoja, Marshawn Lynch wa Seattle. Siku hiyo Willis alikuwa nje, ameumia msuli wa nyuma ya paja. Sitaki kulikuza jambo hili kupita kiasi, maana Lynch aliwafanyia wengi hivyo na mechi moja si sheria. Lakini ukiwa unabishana na shabiki wa Baltimore, ni jambo la kumtupia mezani ukamwacha alitafune.

Sasa nimgeukie shabiki huyo, kwa sababu hoja zake zote mbili hazina miguu, ilhali ile ambayo ingemuumiza Willis hajaifikia.

Hoja ya pete ni nyepesi kuliko zote. Willis alifika Super Bowl, fainali ya ligi, ya Februari 2013 kule New Orleans, mechi ambayo taa zilizimika uwanjani kwa zaidi ya nusu saa, na Baltimore wakashinda 34-31 huku 49ers wakiwa wamefika yadi chache tu kutoka mwisho. Pasi tatu za mwisho za Colin Kaepernick kwa Michael Crabtree hazikushikwa. Lainibeka yuko benchi wakati timu yake inashambulia, na kofia yake mkononi. Kumnyima mtu heshima kwa pasi ambazo hakurusha yeye wala hakutakiwa kuzidaka ni dhuluma. Na kama pete ndiyo kipimo, basi Urlacher atoke Canton, Junior Seau atoke, Zach Thomas atoke, na Dick Butkus mwenyewe atoke. Butkus hakuwahi kucheza hata mechi moja ya mtoano.

Hoja ya miaka inaonekana nzito zaidi, lakini hebu tuipime kwa huyohuyo Butkus, ambaye jina lake limepewa tuzo ya malainibeka. Alicheza Chicago kuanzia 1965 hadi 1973, magoti yakamshinda. Jumla yake ni mechi 119. Willis alicheza 112. Tofauti ni mechi saba. Hakuna kijiwe chochote Marekani ambapo mtu atasimama aseme Butkus alicheza kidogo mno. Gale Sayers, aliyekuwa naye katika timu hiyohiyo, alicheza mechi 68 na yumo. Terrell Davis wa Denver alicheza 78 akaingia mwaka 2017, na Tony Boselli wa Jacksonville 91, akaingia 2022. Kwenye soka letu, Marco van Basten alicheza mechi yake ya mwisho akiwa na miaka 28, kifundo cha mguu kikamtoa, na sijasikia mtu akimpunguzia hata Ballon d'Or moja kati ya tatu zake.

Hoja ambayo kwa maoni yangu ina uzito ni hii: Willis hakuwa mnyang'anyi wa mpira. Katika mechi zake 112 alinasa pasi 8 za wapinzani. Ray Lewis alinasa 31 katika mechi 228. Luke Kuechly wa Carolina, ambaye naye alistaafu mapema baada ya misimu minane, alinasa 18 katika mechi 118. Ukigawanya, Lewis alinasa moja kwa kila mechi saba hivi, Kuechly chini ya saba, na Willis moja kwa kila mechi 14. Hilo si jambo dogo, kwa sababu mpira ulionaswa hubadilisha mchezo kuliko mtu aliyeangushwa. Wapo watakaosema kotabeki hakurusha upande wa Willis kwa kumwogopa, na kuna ukweli kidogo ndani yake, lakini Kuechly naye aliogopwa. Mimi naona tofauti ilikuwa ya macho. Kuechly aliusoma mchezo kabla haujaanza, ukimtazama anawapanga wenzake utadhani amepewa mipango ya wapinzani usiku uliopita. Willis alikuwa anafika. Alifika haraka kuliko yeyote, akagonga kwa nguvu kuliko wengi, ila alifika mtu akiwa ameshaushika mpira. Kwa kuzuia wanaokimbia na mpira nitamchukua Willis kabla ya Kuechly bila kufikiri mara mbili. Kwa kuzuia pasi, hapana. Kwa hiyo mzee wako, anaposema hajapata kuona kama yule, amepitiliza kidogo.

Kuhusu kwa nini aliishia pale, usimruhusu mtu aseme alichoka au alikata tamaa. Oktoba 2014 aliumia kidole gumba cha mguu, akafanyiwa upasuaji, msimu ukamwishia kwenye mechi sita. Machi 2015, akiwa na miaka 30, alitangaza kustaafu akaeleza kwamba miguu yake haiwezi tena kumpa kile alichotaka kuwapa wenzake. Kwa mchezaji ambaye kila kitu chake kilitegemea kufika, miguu ikiharibika hakuna kilichobaki cha kuuza. Angeweza kuendelea misimu miwili au mitatu kwa jina tu, na mshahara ungekuja. Ajabu ni kwamba hiyo miaka ya kujikokota, ambayo ingempunguzia sifa uwanjani, ndiyo shabiki wa Baltimore anailalamikia kwamba haipo.

Siku chache baadaye Chris Borland, kijana wa miaka 24 aliyeingia kuziba pengo katika kati ile ya 49ers, naye akaacha baada ya msimu mmoja kwa kuhofia madhara ya kupigwa kichwani. Bowman tayari alikuwa amevunjika vibaya goti katika fainali ya kanda dhidi ya Seattle, Januari 2014. Timu iliyokuwa imefika mechi tatu mfululizo za kugombea kwenda Super Bowl ikashinda mechi 5 mwaka 2015 na mechi 2 mwaka 2016. Si kwa sababu ya Willis peke yake, maana Harbaugh naye alikuwa ameondoka na mengine mengi yalibomoka. Ila ukitaka kujua nafasi ile inamla mtu kwa kasi gani, tazama yaliyowapata watatu hao ndani ya muda mfupi kiasi kile.

Sasa Ray Lewis. Misimu 17, yote Baltimore. Mchezaji bora wa ulinzi mwaka 2000 na tena 2003. Ulinzi wa Ravens wa mwaka 2000 uliruhusu pointi 165 tu katika mechi 16, na Lewis ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa Super Bowl waliyoichapa New York Giants 34-7. Kikosi cha kwanza cha All-Pro mara saba, ya kwanza 1999 na ya mwisho 2009. Kudumu kwenye kilele kwa muongo mzima, katika kazi ambayo nimekueleza inavyowala watu, ni kitu ambacho Willis hana na hatakuwa nacho. Kwenye hilo shabiki wa Baltimore amesimama imara, na ningekuwa mzee wako ningemwachia bila ubishi.

Huenda ghalani kwenu mtu akaibua pia habari za Atlanta. Mwanzoni mwa 2000, baada ya Super Bowl iliyochezwa mji huo, vijana wawili walichomwa visu wakafa, na Lewis alishtakiwa pamoja na wenzake wawili. Shtaka la mauaji dhidi yake likaondolewa, akakiri kosa dogo la kuzuia haki isitendeke na akatoa ushahidi. Wale wawili wakaachiwa na mahakama, na ligi ikamtoza Lewis faini ya dola 250,000. Kuna watu ambao hawatamtazama tena kama mchezaji tu, na siwezi kuwalaumu. Lakini kanuni za Jumba la Mashuhuri zinawataka wapiga kura waangalie ya uwanjani peke yake, kwa hiyo ndani ya ubishi wenu wa nani alicheza vizuri zaidi, jambo hilo linaleta kelele tu.

Kanuni hizo pia zinajibu ule wasiwasi kwamba Willis alipitishwa kirahisi. Mchezaji husubiri miaka mitano baada ya kustaafu, kisha anahitaji asilimia 80 ya kura katika hatua ya mwisho. Willis alianza kustahili kupigiwa kura kwa darasa la 2020 na hakuchaguliwa mpaka la 2024. Zach Thomas wa Miami, aliyekuwa na kikosi cha kwanza mara tano kama Willis lakini kwa misimu 13, alisubiri tangu 2014 hadi 2023. Ile hoja ya miaka michache ilisemwa ndani ya chumba cha kupigia kura, tena na watu wanaoujua mchezo kuliko mimi na wewe, na hatimaye wanne kati ya kila watano au zaidi waliiweka pembeni.

Jumatatu ukirudi kazini, achana na swali la nani mkubwa, kwa sababu mtabishana mpaka mfunge mwaka. Muulize shabiki wa Baltimore kitu kimoja: kati ya 2007 na 2012, ukimtoa Lewis wake, ni lainibeka gani wa kati angemchukua kabla ya Willis? Akijaribu kuleta 2009 kama mwaka wa Lewis, mkumbushe kwamba kikosi cha kwanza cha mwaka huo kilikuwa na malainibeka wawili wa kati. Mmoja alikuwa Lewis, mwenye miaka 34. Wa pili alikuwa Willis, mwenye miaka 24, na wote wawili walivaa namba 52.